Panya wa kufugwa anapobanwa na kifua: dawa ipi, kwa muda gani, na kwa nini amoksilini mara nyingi haisaidii

Mleta uzi (Leicester)

Wakuu, nimeombwa na zaidi ya mmoja wenu niandike kwa kirefu kuhusu maradhi ya njia ya hewa kwa panya wa kufugwa, nami nimeona ni heri niyaweke mahali pamoja kuliko kuendelea kujibu vipande vipande. Ninayemzungumzia ni panya wa kufugwa wa kawaida, Rattus norvegicus, awe mweupe, mweusi au wa madoa, ambaye huku Uingereza hufugwa ndani kama sungura, na ambaye wachache wetu huko nyumbani wanamfuga pia.

Karibu kila panya wa aina hii anaishi na bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis. Humpata kwa mama yake, akiwa bado tumboni au katika siku zake za mwanzo, au humpata kwa wenzake kupitia chafya. Anaweza kukaa naye miezi mingi akila, akicheza na kunenepa bila dalili yoyote. Kisha ikaja baridi, au vumbi, au virusi vinavyopita, au uzee tu, na kile kilichokuwa kimetulia puani kikateremka hadi mapafuni. Hakuna dawa inayomfuta bakteria huyu mwilini moja kwa moja. Tiba yote ninayoieleza hapa ina shabaha moja, nayo ni kumrudisha panya kwenye hali ya kupumua bila taabu na kumweka hapo kwa kadiri inavyowezekana katika maisha yake ya miaka miwili hadi mitatu.

Sasa kuhusu amoksilini, ambayo ndiyo dawa watu wengi hupewa kwanza kwa sababu ni ya bei nafuu na hupatikana kwa urahisi. Dawa za jamii ya penisilini hufanya kazi kwa kuzuia bakteria asijenge ukuta wa seli yake. Maikoplazma hana ukuta huo kabisa. Unaweza kumpa panya amoksilini mwezi mzima, kwa kipimo sahihi na saa zilezile, na bakteria huyu asiguswe. Nafuu inayoonekana siku mbili tatu za mwanzo aghalabu hutokana na kuuawa kwa bakteria wengine waliodandia juu ya maikoplazma, au hutokana na ugonjwa wenyewe, ambao una tabia ya kupanda na kushuka.

Dawa zinazomfikia ni zile zinazoingilia utengenezaji wa protini au vinasaba vyake. Madaktari wengi wa wanyama wadogo huanza na doksisaiklini, enrofloksasini, au zote mbili kwa pamoja. Vipimo vinavyotumika sana ni doksisaiklini miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, na enrofloksasini miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, nayo mara mbili kwa siku. Azithromaisini hutumika pale hizo mbili zinaposhindwa. Nimetaja vipimo ili mtu aweze kukagua alichoandikiwa, na wala si ili aache kumwona daktari, kwa sababu kosa la nukta moja ya desimali kwa mnyama wa gramu 300 ni kosa la mara kumi.

Muda ni jambo ambalo wengi hulichukulia wepesi. Siku tano hazitoshi. Tiba ya kawaida huenda wiki mbili hadi tatu, na kwa panya mwenye mapafu yaliyokwisha kuharibika inaweza kuendelea wiki kadhaa zaidi au kuwa ya kudumu. Daktari wangu hutaka dawa iendelee wiki moja baada ya sauti ya kifuani kutoweka, na sijaona sababu ya kubishana naye.

Dalili zenyewe zisomwe kwa mpangilio wake. Chafya chache mtu anapobadilisha matandiko ya tundu si ugonjwa. Chafya za mfululizo, pua yenye unyevu na machozi mekundu ni onyo. Wekundu huo si damu, ingawa humtisha kila anayeuona mara ya kwanza; ni rangi iitwayo pofirini, inayotoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, na panya mwenye afya huifuta mwenyewe anapojisafisha. Ukiona imeganda puani na kwenye manyoya ya mikono ya mbele, ujue ama inatoka nyingi kupita kiasi au mnyama amechoka hata kujisafisha. Baada ya hapo huja mkwaruzo wa kifuani, manyoya kusimama, mgongo kupinda, uzito kupungua, na mbavu kuingia ndani kila anapovuta pumzi. Wengine huinamisha kichwa upande mmoja, kwa kuwa maambukizi yamepita na kuingia sikio la ndani.

Kusikiliza kifua hakuhitaji kifaa. Mshike panya kwa mikono miwili akiwa ametulia, umweke ubavu wake sikioni kama unavyoshika simu, kwanza upande wa kushoto, kisha wa kulia. Mapafu mazima hayana sauti ya maana, unasikia moyo tu ukienda mbio. Mapafu yenye ugonjwa hutoa mkwaruzo, mluzi mwembamba au mlio wa majimaji. Fanya hivyo angalau mara moja kwa juma panya akiwa mzima, ili siku sauti ikibadilika uitambue.

Pumzi nazo zihesabiwe akiwa amelala. Panya aliyetulia huvuta pumzi takriban 70 hadi 115 kwa dakika, kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata vizuri, kwa hiyo mrekodi kwa simu, utazame video kwa mwendo wa polepole, uhesabu za sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Pia upate mizani ya jikoni. Panya mgonjwa aghalabu huanza kupoteza uzito kabla mfugaji hajaiona kwa macho, na kipimo cha dawa hakikadiriki bila uzito wa kweli.

Lipo moja lisilosubiri kesho. Panya kwa maumbile yake hupumua kwa pua tu. Ukimwona amefungua kinywa anatweta, kichwa amekiinua juu, nyayo na mkia vimebadilika rangi kuelekea buluu, hapo amefika ukingoni. Anahitaji oksijeni na daktari saa hiyohiyo, na asilazimishwe kumeza chochote, kwa kuwa dawa itaingia mapafuni.

Nimeliacha hadi mwisho kwa makusudi jambo ninaloliona kubwa kuliko dawa zote, ambalo ni hewa ya ndani ya tundu. Mkojo wa panya una urea, na bakteria waliomo kwenye matandiko huigeuza kuwa amonia, gesi inayotoka palepale chini ambako pua ya panya iko mchana na usiku. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani, Broderson, Lindsey na Crawford, walichapisha matokeo ya kuwaweka panya wenye maambukizi ya maikoplazma katika hewa yenye amonia ya viwango mbalimbali, kuanzia sehemu 25 katika milioni hadi 250, na wakaonyesha kwamba ugonjwa uliongezeka ukali kwa waliovuta amonia ukilinganisha na wenzao waliokaa katika hewa safi. Nasisitiza hilo kwa sababu nimeona watu wanabadilisha antibayotiki tatu mfululizo ilhali panya bado analala ndani ya tangi la kioo, juu ya matandiko ya wiki mbili. Tundu liwe la waya, hewa ipite pande zote, matandiko yawe ya karatasi au mabaki ya mbao yasiyo na vumbi wala harufu kali. Maranda ya msonobari mabichi na ya mwerezi yaachwe, kwani kemikali zinazoyapa harufu ile nzuri huwasha njia ya hewa.

Karibuni tujadiliane.

Mfugaji, Dar es Salaam

Mkuu, shukrani kwa maelezo, lakini ninaomba tuzungumze kwa hali halisi ya huku. Ninao panya wanne, na daktari wa mifugo aliye karibu nami anatibu ng'ombe na kuku. Nilipompelekea panya alicheka kwanza, kisha akanisaidia kwa moyo mzuri, ila alisema wazi kwamba hajawahi kumtibu mnyama huyu. Dawa ninazoweza kuzipata ni za duka la pembejeo za mifugo: unga wa doksisaiklini uliochanganywa na tailosini kwa ajili ya kuku, na enrofloksasini ya maji ya asilimia kumi. Je, niutie unga huo katika maji ya kunywa kama inavyoelekezwa kwa kuku? Na mbona panya wangu mmoja alipona kabisa kwa amoksilini mwaka jana?

Daktari wa mifugo, Nairobi

Nijibu la mwisho kwanza. Amoksilini si dawa ya bure kwa panya. Bakteria kama Streptococcus pneumoniae, ambaye binadamu pia humbeba kooni na anaweza kumwambukiza panya, husikia penisilini vizuri, na ugonjwa wake huja ghafla na kwa ukali. Kwa hiyo panya wako huenda alikuwa na huyo, au na bakteria mwingine wa aina hiyo, naye akapona kwa haki. Mleta uzi yuko sahihi kuhusu maikoplazma, ila nisingependa msomaji aondoke akiamini kwamba kila chafya ni maikoplazma. Wapo pia virusi vya Sendai, na vipo vile vinavyovimbisha tezi za mate na kumfanya panya akunje macho kwa maumivu, shingo ikavimba kana kwamba amemeza kitu. Hivyo vya pili huondoka vyenyewe baada ya wiki moja au mbili, lakini huacha mlango wazi kwa maikoplazma.

Kuhusu maji ya kunywa, sikushauri. Kuku mgonjwa huendelea kunywa kwa kiasi kinachotabirika na hutibiwa kwa mamia; panya mgonjwa hunywa kidogo, dawa ni chungu, na akishaionja hupunguza zaidi. Matokeo yake ni kipimo kidogo kwa siku nyingi, na hiyo ndiyo njia fupi ya kutengeneza usugu wa dawa. Panya apewe dawa kinywani, kila mmoja kwa uzito wake, kwa bomba la sindano la mililita moja lisilo na sindano. Tena bidhaa hizo za unga hutofautiana sana, kwa hiyo asitumie mtu yeyote kijiko kama kipimo; soma ni miligramu ngapi katika kila gramu, na kama kibandiko hakisemi, usinunue.

Enrofloksasini ya asilimia kumi ina miligramu 100 katika kila mililita. Panya wa gramu 350 akipewa miligramu 10 kwa kilo anahitaji miligramu 3.5, yaani mililita 0.035. Tone moja la kawaida ni takriban mililita 0.05, kwa hiyo hata tone moja limekwisha kumzidi, na dawa hiyo ikiwa haijapunguzwa makali huunguza kinywa kwa sababu ina ualikali. Chukua sehemu moja ya dawa na sehemu tisa za maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Sasa una miligramu 10 katika kila mililita, na kipimo cha panya huyo ni mililita 0.35, ambacho bomba dogo linakisoma bila kubahatisha. Usitumie maji ya ndimu wala ya machungwa kuficha uchungu, kwani uchachu unaweza kuifanya dawa igande na kutulia chini ya chupa. Andaa kidogo kidogo, na utikise kila mara. Panya wachanga wanaokua wasipewe dawa hii ikiwa ipo nyingine, kwa kuwa inaweza kuharibu gegedu za viungo. Doksisaiklini nayo hushika kwenye meno na mifupa inayokua.

Na tahadhari moja kwa wenzangu wa mashambani: ile sindano ya penisilini iliyochanganywa na streptomaisini, ambayo kila mhudumu wa mifugo anayo mfukoni, isitumike kwa wagugunaji wadogo. Streptomaisini inajulikana kuwadhuru baadhi yao hadi kufa, na sioni sababu ya kujaribu bahati wakati dawa nyingine zipo.

Mfugaji, Dar es Salaam

Daktari, nimekuelewa, na hesabu ya tone imenishtua. Nina vidonge vya doksisaiklini vya binadamu, vile vya miligramu 100 vyenye unga ndani. Vinafaa?

Mleta uzi (Leicester)

Vinafaa, ila itazame hesabu kabla ya kukifungua. Panya wa gramu 400 kwa miligramu 5 kwa kilo anahitaji miligramu 2. Kidonge kimoja, basi, kina dozi 50. Mtu anayekifungua na kunyunyiza "kidogo tu" juu ya chakula anaweza kuwa amempa panya dawa ya wiki nzima kwa mlo mmoja. Unga wa kidonge kimoja uchanganywe vizuri na mililita 10 za sharubati ya sukari, upate miligramu 10 katika kila mililita, na panya huyo apewe mililita 0.2 asubuhi na mililita 0.2 jioni. Chupa iwekwe kwenye friji, mbali na mwanga, itikiswe kabla ya kila dozi, na baada ya wiki moja kilichobaki kitupwe na kuandaliwa kingine, kwa kuwa nguvu ya dawa hupungua ikishachanganywa na maji.

Kuhusu cha kuichanganya nacho ili panya aikubali: doksisaiklini na enrofloksasini zote hushikwa na kalisi (kalsiamu), na zikishikwa hazinyonywi tumboni. Maziwa na mtindi watu wanajua kuviepuka. Wasichokijua ni kwamba uji wa ulezi una kalisi nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, na dagaa wanaoliwa na miba yao wana zaidi. Mtu anaweza kumpa dawa sahihi kwa uji wa ulezi wiki mbili na kulaumu dawa. Tumia ndizi mbivu iliyopondwa, au uji mwepesi wa sembe wenye sukari kidogo, na mlo wenye kalisi uje saa mbili baadaye. Siagi ya karanga ikitumika ilainishwe kwa maji. Panya hawezi kutapika, na tonge zito linalonata likimkwama kooni hana namna ya kulirudisha.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi sina panya. Ni binti yangu anaye, na amenisihi niulize. Bibi yetu alizoea kutufukiza kwa mvuke wa majani ya mkaratusi tulipokuwa na mafua, nasi tukapata nafuu. Tumfunike panya karibu na beseni la maji ya moto yenye mafuta ya mkaratusi? Na kuna aliyetuambia tumpe kahawa nyeusi.

Mleta uzi (Leicester)

Mama, mvuke wa maji matupu bafuni hauna madhara makubwa na unaweza kulainisha makamasi ya puani, mradi usiwe wa moto wa kumchosha. Mafuta ya mkaratusi na dawa zote zenye mentholi ziachwe. Kwetu harufu ile hutupa hisia ya kupumua, lakini njia ya hewa ya panya ni nyembamba mno na ukuta wake ukiwashwa huvimba na kujifunga. Kinachofika mapafuni kwa kweli ni ukungu wa mashine ya kufukizia dawa, ileile wanayopewa watoto wenye pumu, kwa kuwa hutoa matone madogo kuliko ya mvuke wa beseni. Panya huwekwa ndani ya kisanduku cha plastiki chenye matundu, ukungu wa maji ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9 ukaingizwa kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Daktari anaweza kuagiza dawa ya kupanua njia ya hewa, kama salbutamoli, kwa njia hiyohiyo.

Kahawa ina chanzo chake. Kafeini ni ndugu wa aminofilini, dawa ya zamani ya pumu, na kwa sababu kama hiyo wafugaji wa huku humpa panya anayetweta kipande kidogo cha chokoleti nyeusi wakiwa njiani kwenda kwa daktari. Tatizo ni kwamba hujui umempa kiasi gani, na moyo wa panya mgonjwa tayari unapiga kwa kasi. Mimi singetumia kahawa.

Niruhusu niulize nami: nyumba yenu huchoma udi au ubani? Na panya analala wapi? Nauliza kwa sababu moshi wa udi, wa mkaa, wa dawa ya mbu ya kuchoma na ile ya kupuliza ukutani, yote humfikia yeye kabla yenu na kwa wingi zaidi kwa uzito wake.

Mchangiaji, Mombasa

Tunachoma udi kila Alhamisi jioni na Ijumaa, na tundu liko sebuleni. Basi tutalihamishia chumba cha nyuma chenye madirisha mawili, na udi utabaki mbele.

Mwanafunzi, Morogoro

Wakuu, naomba kuuliza kama maelezo haya yanafaa pia kwa panya buku. Hapa kwetu wanajulikana kwa sababu ya shirika la APOPO lililopo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambalo huwafundisha kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu.

Daktari wa mifugo, Nairobi

Hapana, usiyahamishe yalivyo. Panya buku, Cricetomys ansorgei, ni wa familia nyingine kabisa. Ana uzito wa zaidi ya kilo moja na huishi hadi miaka minane, kama alivyoishi Magawa, yule aliyezaliwa Tanzania, akafanya kazi ya kunusa mabomu Kambodia na kupewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la tiba ya wanyama, mwaka 2020. Hadithi ya maikoplazma niliyoisoma hapa juu ni ya Rattus. Vilevile asitokee mtu akampa simbilisi (guinea pig) amoksilini kwa kuwa imesemwa hapa kwamba panya huivumilia. Tumbo la simbilisi haliivumilii na anaweza kufa kwa kuharisha.

Kwa kuwa nipo hapa, niongeze jambo ambalo halijaguswa. Panya mzee, hasa dume mwenye mwili mkubwa, anayepumua kwa shida lakini hapigi chafya wala hana mkwaruzo wa kamasi, anaweza kuwa na ugonjwa wa moyo. Majimaji hujaa mapafuni na dalili hufanana sana na nimonia. Antibayotiki hazitamfaa kitu; anahitaji dawa ya kutoa maji, kama furosemidi, na picha ya eksirei ikipatikana huonyesha moyo uliotanuka. Panya wa namna hii akipewa dozi moja ya furosemidi na akaanza kupumua vizuri baada ya muda mfupi, hilo lenyewe ni jibu.

Dawa za kupunguza uvimbe nazo zina nafasi. Meloksikamu husaidia, na steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni husaidia zaidi pale mapafu yalipokwisha kuwa na makovu, lakini zisitolewe mbili hizo pamoja kwa sababu ya vidonda vya tumbo, na steroidi isitolewe bila antibayotiki ya kumlinda, kwani hupunguza kinga.

Mfugaji, Kampala

Mwanangu ana pumu naye ndiye mwenye panya. Je, anaweza kuambukizwa hii maikoplazma?

Daktari wa mifugo, Nairobi

Mycoplasma pulmonis hajulikani kuwa chanzo cha nimonia kwa binadamu. Anayewapata watu ni wa aina nyingine, Mycoplasma pneumoniae. Ninachokihofia zaidi kwa mtoto wako ni mzio. Protini zilizomo katika mkojo wa panya ni miongoni mwa vichochezi vya pumu vinavyofahamika sana kwa wafanyakazi wa maabara. Tundu lisikae chumba anacholala, usafi wa matandiko afanye mtu mwingine, na kama pumu imeongezeka tangu panya alipoingia nyumbani, mweleze daktari wa mtoto bila kusita.

Mfugaji, Dar es Salaam

Narudi na maswali mawili. Panya wangu mkubwa ameanza dawa kwa vipimo vya hapa, baada ya daktari wetu wa ng'ombe kuvikagua, na sauti ya kifua imepungua, ila bado anapungua uzito. Nitajuaje kwamba sasa ninamtesa? La pili, hawa watatu wengine niwatenge naye, na niwape dawa pia?

Mleta uzi (Leicester)

Kaka, uzito kwanza. Mpe chakula laini chenye nguvu: yai lililochemshwa na kupondwa, wali uliolainishwa, boga, mara nyingi na kidogo kidogo, kwa sababu panya asiyeweza kuvuta hewa vizuri huchagua kupumua na kuacha kutafuna. Mpime kila siku saa ileile. Uzito ukisimama ndani ya siku chache, endelea. Ukiendelea kushuka licha ya dawa mbili na ukungu, mbavu zikawa zinaingia hata akiwa amelala, akaacha kujisafisha na akawa analala ameketi kwa kuwa akijinyoosha hapati pumzi, basi daktari amchome sindano ya kumwondolea mateso, akiwa amelazwa usingizi kwanza. Hiyo ya kulala ameketi ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu panya huficha maradhi yake lakini usingizi hawezi kuuficha.

Hao watatu usiwatenge. Wamelala pamoja naye tangu wadogo, wanachokibeba ni kilekile anachokibeba yeye, na panya aliyetengwa huingiwa na msongo unaomzidishia ugonjwa. Mtenge tu ikiwa wanamsukuma kwenye chakula, tena kwa muda wa mlo. Wasio na dalili wasipewe dawa. Ambaye kweli anapaswa kutengwa ni panya mpya anayetoka nje: wiki mbili, chumba kingine, hewa nyingine, na wewe ubadilishe nguo na kunawa kabla ya kutoka kwake kwenda kwa hawa. Kama unafikiria kuongeza wa tano, subiri hadi mkubwa amalize dawa.